Santuri za Shimo la Ndizi

Leonidas alikuwa na santuri mia moja thelathini na nane, na kwa miaka minane hakuwa na chombo cha kuzipigia. Sisi majirani zake wa Nyabiyonza tulilijua jambo hilo kama unavyojua kwamba mtu fulani ana mguu mfupi. Tulikuwa tumeshaacha kulicheka. Nyumba yangu na yake zilitenganishwa na safu mbili za mibuni. Mengi ya haya nilisimuliwa na mkewe, Therese, na mengine niliyaona kwa macho yangu.

Wazazi wa Leonidas walihama kutoka Rwanda akiwa bado anabebwa mgongoni. Alipokuwa kijana alifanya kama walivyofanya vijana wengi wa huku wakati ule: alivuka Mto Kagera pale Murongo, akaenda Uganda kutafuta kazi. Wenzake walilima kahawa na pamba katika mashamba ya watu. Yeye alipata kazi ya kuosha glasi katika baa moja mjini Masaka. Baada ya miaka miwili mwenye baa, mzee aliyeitwa Byarugaba, alimtoa kwenye beseni akamweka kwenye gramafoni. Kazi yake ikawa kuketi kwenye kona na kubadilisha santuri tangu saa kumi jioni. Aliifanya miaka saba.

Mwaka 1971 Mzee Byarugaba alifunga baa arudi kwao kijijini, akawaambia wafanyakazi kila mmoja achukue anachoweza kubeba. Watu walichukua viti na masufuria; mmoja aling'oa mlango akaondoka nao. Leonidas alichukua gramafoni ndogo ya betri na kasha la santuri. Ndani ya kasha mlikuwa na zile alizozipiga kila siku, na mlikuwa na furushi jingine ambalo mzee alilihifadhi chumbani kwake. Alikuwa na tabia ya kununua santuri kwa kila msafiri aliyepita nazo, lakini wateja walitaka nyimbo walizozizoea, kwa hiyo hizo nyingine hazikuwahi kupigwa baani. Leonidas alisema atazisikiliza polepole akifika nyumbani.

Hakuzisikiliza. Mkewe, aliyemwoa likizoni kabla baa haijafungwa, alikuwa akimngoja na Polikarpi wa miaka minne; akapanda mibuni, wakapata watoto wengine. Betri zilikuwa za kutafutwa, na akipata chache wageni nao walitaka zilezile za Masaka. Kila mwaka alisema, "Zile nyingine bado zipo."

Vita ilipoanza mwishoni mwa 1978, watu wa upande wa mpakani walianza kupita kwetu na magodoro kichwani. Leonidas na Therese nao walifungasha ili wakimbilie kwa ndugu zao upande wa Biharamulo. Santuri hazikubebeka. Kibanjani kwake kulikuwa na shimo la kuivishia ndizi za kukamulia lubisi, pombe yetu ya ndizi, lile linalopashwa moto kwanza, kisha ndizi zinapangwa ndani na kufukiwa kwa majani na udongo. Safari hiyo Leonidas hakuwasha moto. Alitandika majani makavu ya mgomba, akaweka kasha la santuri na gramafoni, akafunika kama anavyofunika ndizi.

Therese alikuwa amesimama pembeni na mtoto mgongoni. Alimwambia, "Baba Polikarpi, tukirudi tukakuta zimeiva, utazikamua mwenyewe."

Walirudi mwezi wa pili. Nyumba ilikuwa imesimama. Leonidas hakuingia ndani hata kutua mzigo. Alikwenda moja kwa moja shimoni. Santuri zilikuwa nzima, lakini mchwa walikuwa wamekula kila kilicho karatasi. Walikula mifuko yake, wakala hata zile karatasi za duara za katikati zinazoandikwa jina la wimbo na la mwimbaji. Gramafoni ilikuwa imeingia maji. Fundi redio wa Kayanga aliifungua, akatazama kutu, akaifunga, akamrudishia.

Hapo ndipo taabu ilipoanzia, au tuseme utafiti. Kwa sababu sasa hakujua ipi ni ipi. Zile alizozipiga miaka saba na zile ambazo hakuwahi kuzisikia zilikuwa zimechanganyika, zote nyeusi, zote na tundu katikati. Alizisafisha moja moja kwa maji ya sabuni. Therese alishona mifuko mipya kwa karatasi za saruji. Leonidas aliandika namba kwenye kila santuri kwa rangi nyekundu iliyobaki walipopaka mlango wa kanisa. Halafu, kwa kuwa hakuweza kuzisikia, alianza kuzitazama.

Siku moja nilimkuta amekaa barazani, ameinamisha santuri juani karibu na jicho, kama mtu anayetafuta mwiba kwenye kidole.

"Unaona nini humo?" nilimwuliza.

"Njoo uone, dada. Hii mistari si sawa. Hapa panapong'aa wamenyamaza. Hapa pamekwaruzika kama ngozi ya kenge, wanapiga kwa nguvu wote. Na hapa mwisho, unaona panavyolainika kidogo kidogo? Huu wimbo haukatiki. Unaondoka taratibu."

"Na wanaimba nini?"

"Hilo halionekani," alisema.

Alikuwa na daftari la shule. Kila namba ilikuwa na mistari miwili mitatu ya makisio yake. Nakumbuka moja: *Namba 31. Anaanza mmoja, wanafuata wengi. Katikati wanapumzika. Kuna kitu kinarudi mara nne.* Ikiwa alikuwa sahihi au la, hakuna aliyeweza kujua, na hilo ndilo lililomkosesha raha.

Krismasi ya 1986 Polikarpi, mwanawe wa kwanza, fundi magari Mwanza, alikuja likizo akamletea baba yake redio kaseti mpya na kaseti tupu kumi na mbili. Leonidas alifurahi, akashukuru, akaizungusha mikononi, akaishia kuuliza, "Santuri inaingilia wapi?" Polikarpi alicheka. Hata hivyo redio ilikuwa na kitufe chekundu cha kurekodi, na Leonidas alikitazama kitufe hicho kuliko vingine vyote.

Mwishoni mwa Januari mvua ya ghafla ilimleta mgeni barazani kwake. Alikuwa Natukunda, mwanamke wa kama miaka thelathini, karani wa kupima kahawa katika chama cha msingi cha Isingiro, aliyekuja kwetu kwa shughuli za chama.

"Shikamoo, mzee. Naomba kujikinga kidogo."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani, unaloa."

Therese alimpa chai. Alipokuwa akinywa aliona mifuko ya saruji imepangwa ukutani, akauliza ni nini.

"Santuri," Leonidas alisema.

"Za nyimbo gani?"

"Sijui."

Natukunda alidhani ni mzaha. "Si ni zako?"

"Ni zangu. Nina miaka kumi na sita nazo."

Ikabidi aelezwe yote, kuanzia Masaka hadi mchwa. Alisikiliza mpaka mwisho, chai ikapoa. Kisha akasema, "Ajabu. Mimi nina gramafoni nzima na sina santuri hata moja. Zangu nilizisahau dirishani siku ya jua kali, zikajikunja kama chapati."

Therese anasema mumewe alinyanyuka, akaketi, akanyanyuka tena.

"Iko wapi hiyo gramafoni?"

"Isingiro, kwa baba. Lakini haitoki nyumbani, mzee wangu. Aliniachia marehemu kaka, na niliapa haitapanda gari wala baiskeli."

"Basi nitapanda mimi," alisema Leonidas.

Baada ya wiki mbili alifunga kasha nyuma ya baiskeli, redio kaseti akaining'iniza kifuani kwa kitambaa, akaondoka alfajiri. Alifika Isingiro alasiri. Familia ya Natukunda ni wafugaji. Nyumba yao ya bati iko pembeni ya mbuga ya nyasi, na uzio wa ng'ombe uko hatua chache kutoka dirishani. Baba yake, Mzee Yustasi, alikuwa ameketi mlangoni na fimbo yake magotini. Leonidas alipewa maziwa kabla hajaulizwa lolote.

"Umetoka Nyabiyonza kwa baiskeli kuja kusikiliza muziki?" Yustasi aliuliza mwishowe.

"Ndiyo, baba. Na kuuchukua."

"Kuuchukua kwa mfuko gani?"

Leonidas alimwonyesha redio kaseti na kitufe chekundu. Alieleza kwamba gramafoni ingepiga, redio ingesikiliza na kukumbuka, naye angerudi na kumbukumbu hiyo nyumbani aisikilize kwake, kwa wakati wake. Yustasi aliitikia kwa kichwa kama mtu anayesubiri kuona.

Asubuhi iliyofuata walipanga chumba. Gramafoni iliunganishwa na betri ya gari ambayo Natukunda huichajisha misheni. Redio kaseti iliwekwa juu ya kigoda, imetazamana na spika ya gramafoni kwa umbali wa shibiri mbili. Dirishani walitundika blanketi. Natukunda alikuwa na kazi mbili: kusoma daftari kabla ya kila santuri, na kuinua mkono juu ili watu wote wanyamaze.

"Namba moja," alisoma. "Gitaa peke yake, muda mrefu. Halafu mwanamume."

Leonidas aliteremsha sindano. Kwanza kulikuwa na mkwaruzo. Kisha gitaa likatoka, peke yake, likatembea, likarudi, likatembea tena. Halafu mwimbaji akaanza, naye alikuwa mwanamke.

"Umekosea!" Yustasi alisema kwa sauti, na maneno hayo yamo kwenye kaseti mpaka leo.

"Nusu," alijibu Leonidas wimbo ulipokwisha. "Gitaa nimepata."

Waliendelea hivyo siku tano. Kwenye namba 31, iliyoandikwa kwamba kuna kitu kinarudi mara nne, kweli kilirudi mara nne: ilikuwa tarumbeta. Namba 40 aliandika *watu wengi wenye hasira*, ikawa ni kwaya ya wanafunzi wakiimba kwa furaha tele. Nyingine zilikuwa za Kiganda, nyingine Kilingala, Kiswahili, Kinyankole, na mbili hakuna aliyeijua lugha yake. Kilichomshangaza zaidi Leonidas ni kwamba makosa yake mengi yalikuwa kwenye nyimbo za Masaka, zile alizozipiga kila siku. Alipozisikia alizitambua mara moja, lakini daftarini alikuwa ameziandikia mambo mengine kabisa. Zile ambazo hakuwahi kuzisikia ndizo alizozisoma vizuri.

"Kwa nini iwe hivyo?" alimwuliza Natukunda.

"Labda zile za Masaka ulikuwa unazipiga, huzisikilizi."

Leonidas aliliandika hilo daftarini.

Majina hawakuwa nayo, na kaseti inahitaji jina. Hapo ndipo Yustasi alipoingia kazini. Ujanani alikuwa akiswaga ng'ombe hadi minada ya Mbarara, na baadhi ya nyimbo alizisikia huko. Hakujua waimbaji, alijua alikuwa wapi. "Huu niliusikia mwaka nilipouza yule dume wa pembe moja," alisema, na Natukunda akaandika: *Dume wa pembe moja*. Mwingine ukaandikwa *Mvua ya Ntungamo*. Mwingine, kwa kuwa mzee alisema tu kwamba unamkumbusha mtu asiyempenda, ukaandikwa hivyohivyo.

Kuna santuri moja ambayo Leonidas alikuwa ameiweka kando kwa ajili ya mwisho wa siku ya kwanza. Ilikuwa namba 57. Kwa miaka minane ndiyo iliyomvutia kuliko zote. Mistari yake ilikuwa imepangwa kwa mafungu, kila fungu sawasawa kabisa, kama kikapu kilichosukwa na mwanamke mwenye subira. Daftarini aliandika: *Hii ni ngoma kubwa. Pengine ya ikulu ya mfalme. Wapigaji hawakosei hata mara moja.*

Natukunda aliinua mkono. Wote wakanyamaza. Sindano ikateremka.

"Piiiiiiiii," santuri ikalia. Sauti moja, nyembamba, haipandi wala haishuki. Ikakatika. Ikaja nyingine, nzito kidogo, "Vuuuuuuu." Ikakatika. Ikaja nyingine. Hakuna mtu, hakuna ngoma. Mbwa alitoka nje. Ng'ombe waliokuwa karibu na uzio waliinua vichwa wote kwa pamoja.

"Hii ndiyo uliyoibeba kutoka Masaka?" aliuliza Yustasi.

Natukunda alikuwa amejifunika mdomo kwa kanga. Leonidas alitazama santuri inavyozunguka mpaka ikaisha. Baadaye alikumbuka kwamba fundi alikuwa akija baani na santuri ya namna hiyo kupima kama gramafoni ni nzima. Lazima aliisahau siku moja na Mzee Byarugaba akaitunza. Siku hiyo hakusema hayo. Alisema tu, "Wapigaji hawakosei, hilo nimepata," akatoka kwenda kuosha uso.

Siku ya mwisho, zikiwa zimebaki dakika chache kwenye kaseti ya tisa, Yustasi alisema, "Lete tena ile filimbi." Aliitaka namba 57, aone kama ng'ombe watageuka tena. Waligeuka. Leonidas aliacha kitufe chekundu kimebonyezwa, akairekodi mara ya pili, kwa kumridhisha mzee.

Jumapili baada ya kurudi kwake, tulialikwa wote baada ya misa. Therese alipika ndizi kwa maharage, Leonidas akatia betri mpya kwenye redio, akaweka kaseti ya kwanza. Nakwambia ilikuwa nzuri. Gitaa, yule mwanamke, na sauti ya Yustasi: "Umekosea!" Watu walipiga makofi. Tukasikia nyimbo chache za kaseti ya pili na za ya tatu. Kufika ya tano tulianza kutazamana. Wanaume walikuwa wanaimba haraka haraka, kwa sauti za wasichana. Kufika ya nane walikuwa vifaranga. Mzee mwenye sauti nzito, ambaye Leonidas alikuwa ametusifia kabla hajaupiga wimbo wake, alilia kama kitu kilichokanyagwa. Nilicheka mpaka machozi, na kila niliyemtazama alikuwa anacheka.

Leonidas hakucheka. Alizima redio, akaketi akiwa ameishika kaseti juu ya goti.

Wiki nzima alitafuta sababu. Kwanza alidhani ni baiskeli, kwamba kaseti zilitikisika njiani. Lakini zote zilikuwa ndani ya kasha moja, na za kwanza hazikuharibika. Akadhani ni jua. Akadhani ni kaseti zenyewe. Akafikiri hata kwamba santuri ndizo zilizochoka kwa kukaa shimoni, ingawa kule Isingiro alizisikia kwa masikio yake zikiimba vizuri. Alikuja kwangu mara mbili kuniuliza kama nami nakumbuka ilianzia kaseti ya ngapi. Mume wangu alimwambia aachane nayo. Hakuachana nayo.

Siku ya Ijumaa alipata jambo. Filimbi ya namba 57 ilikuwa imerekodiwa mara mbili: siku ya kwanza kwenye kaseti ya pili, na siku ya mwisho kwenye ya tisa. Alipiga ya kwanza, kisha ya pili, kisha akarudia. Therese alikuwa jikoni akimenya ndizi.

"Mama Polikarpi, njoo usikilize. Hizi ni sauti moja?"

Therese alisikiliza, kisu mkononi. "Hapana. Ya pili iko juu."

"Lakini santuri ni ileile. Gramafoni ni ileile. Mahali ni palepale."

"Na redio?"

"Redio ni hiihii."

Therese alifikiri. "Na betri?"

"Nilitia mpya siku naondoka. Hizo ndizo zilizorekodi zote."

"Siku tano?"

"Siku tano."

Therese aliweka kisu chini. "Tochi yangu betri zikichoka haizimiki ghafla. Mwanga unapungua kidogo kidogo, na usiku huohuo huwezi kujua, mpaka utie mpya ndipo unashangaa ulikuwa unatembea gizani. Redio yako ilikuwa inachoka. Ilizungusha kaseti polepole ikadhani inakwenda sawa. Sasa umeitia nguvu mpya, inaikimbiza ile kaseti iliyoandikwa polepole."

Leonidas aligeuza redio, akafungua mahali pa betri.

"Hizo za zamani ziko wapi?" Therese aliuliza.

Zilikuwa juu ya jiwe nyuma ya nyumba, zimeanikwa juani, kama tulivyokuwa tukifanya sote ili zipate uhai kidogo. Therese alizikusanya kwenye kanga, wakazitia, wakaweka kaseti ya nane. Yule mzee mwenye sauti nzito akaimba kwa sauti nzito. Aliimba dakika tatu, akachoka pamoja na betri, akanyamaza.

Nilisikia Leonidas akicheka nikiwa upande wangu wa mibuni. Kilikuwa kicheko cha siku nyingi. Baadaye alikuja mwenyewe kunieleza, akachora kwa kijiti mavumbini: hii ni redio iliyochoka, hii ni redio yenye nguvu. Nilikubali kwamba nimeelewa. Nilielewa baadaye.

Septemba alirudi Isingiro, na mara hii Therese alikwenda pamoja naye kwa lori la kahawa, na betri mpya kwenye kikapu. Kabla ya kila kaseti walirekodi kwanza filimbi ya namba 57, wakailinganisha na ile ya kaseti ya pili. Ikiwa juu au chini hata kidogo, walibadilisha betri. Yustasi alisema santuri hiyo ndiyo pekee yenye akili kati ya zote, na ng'ombe wake wanakubaliana naye.

Therese na Yustasi hawakupatana kuhusu majina. Kulikuwa na wimbo wa Kinyarwanda, sauti ya mwanamke na zeze, ambao mzee aliuita *Malisho ya kiangazi*. Therese alisikiliza, na kabla ubeti wa pili haujaanza aliuanza yeye. Hakujua alikuwa anaimba mpaka alipoona Natukunda ameinua mkono.

"Waitu mzee, huu si wa malisho," alisema kwa heshima ulipokwisha. "Mama alikuwa akiuimba anaposaga mtama. Unahusu mtu anayengoja mgeni ambaye ameshafika."

"Mimi nilisikia malisho," Yustasi alisema.

"Basi tuandike yote mawili," alisema Natukunda, akaandika yote mawili.

Ilipokwisha hesabu, santuri nne zilikuwa na ufa na hazikuimba. Sabini na tatu Leonidas hakuwa amewahi kuzisikia maishani. Nyingine zote zilikuwa za Masaka. Zilijaza kaseti tisa na upande mmoja wa kaseti ya kumi. Santuri zenyewe hakurudi nazo. Aliziacha kwa Natukunda, ambaye alikuwa na gramafoni na hakuwa na cha kuipigia, naye akampa jogoo, na Yustasi akampa kibuyu cha samli cha kumpelekea Polikarpi, aliyeileta ile redio.

Kwa hiyo kwao nyumbani kulikuwa na muziki, si wa sikukuu tu, wa kila siku. Asubuhi wakichambua kahawa, alasiri akipumzika. Tulizoea. Ukipita njiani ulisikia ng'ombe wa Isingiro akilia katikati ya wimbo wa Kilingala, na hukugeuka.

Upande wa pili wa kaseti ya kumi ulibaki mtupu, na Leonidas hakuweza kuuacha. Mwaka uliofuata, siku moja ya Novemba wakati wa senene, aliweka redio juu ya kabati, akabonyeza kitufe chekundu, akaendelea na shughuli zake palepale nyumbani bila kumwambia mtu. Alitaka kujua nyumba yake inasikikaje. Jioni, jua likiwa bado juu ya vilima, alituita tusikilize.

Tulimsikia Therese akikaanga senene na kumfukuza kuku. Tulijisikia sisi wenyewe tukipita kuomba chumvi. Mimi nilikataa kabisa kwamba ile sauti ni yangu. Na chini ya hayo yote kulikuwa na mtu anaimba kwa puani, hana maneno, wimbo mfupi unaopanda, unasita, unashuka, unaanza tena. Hakukoma.

"Huyo ni nani?" Leonidas aliuliza.

Tulimtazama. Therese alianza kucheka. "Ni wewe."

"Mimi?"

"Baba Polikarpi, unaimba hivyo tangu ulipozitoa santuri zako shimoni. Ukilima, ukinyoa ndevu. Nilidhani unajua."

Hakuamini. Alirudisha kaseti nyuma, akasikiliza, akaweka kiganja kifuani kwake kana kwamba mtetemo ungemwambia. Kisha akauliza swali ambalo sisi wengine hatukuwa tumelifikiria: ni wimbo upi huo? Alipiga kaseti zote tisa na ule upande wa kwanza wa ya kumi, kwa siku nyingi, akiufuatilia. Haumo. Haukufanana na hata mmoja wa Masaka. Alifikiri pengine ni wa mojawapo ya zile nne zenye ufa, lakini Natukunda alipomsomea orodha, nyimbo zote alizokuwa akizipiga baani zilikuwa zimeshapatikana; kwa hiyo zile nne zilitoka kwenye furushi la chumbani kwa Mzee Byarugaba, na asingeweza kuzijua.

Alipanda baiskeli akampelekea Yustasi. Mzee, ambaye sasa alikuwa haoni vizuri, alisikiliza mara mbili, fimbo magotini.

"Huu sikuusikia Mbarara," alisema. "Wala Ntungamo. Wala popote."

"Basi umetoka wapi, baba?"

"Si umetoka kwako? Unataka utoke wapi tena?"

Leonidas alirudi na jibu hilo na hakuridhika nalo. Nilihamia Kayanga mwaka 1995, na siku nilipokwenda kuaga nilimkuta barazani, kaseti ya kumi mkononi, nafasi ya jina upande wa pili bado tupu. Nikiwa bado sijaketi aliuliza kama huko ninakokwenda kuna watu wa sehemu nyingi. Nikamwambia wapo. Akaniimbia mara tatu, polepole, ili nisikosee nikiwauliza.